Kukubali na Kutumikishwa: Mpaka Uko Wapi?

Somo letu safari hii limetoka kwenye sanduku la maswali la Migato. Kwa wale wasiopafahamu, Migato ni kata ya wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu. Kabla ya mwaka 2012 huko kote kulihesabiwa Bariadi, na wazee wengi ukiwauliza bado wanakwambia wao ni watu wa Bariadi. Sanduku lenyewe ni boksi la sabuni tulilolitoboa juu, kila mtu anatumbukiza karatasi yake bila kuandika jina. Tulipolifungua tulikuta nyingi za mimba na chunusi kama kawaida, halafu tukakutana na hii:

"Dada, mtu akiamua mwenyewe kwenda Mwanza kuuza mwili, hajalazimishwa na mtu, kosa lake liko wapi? Na kama anatumikishwa atajuaje?"

Watu walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mvua zikikatika mapema na pamba ikigoma, wapo wasichana wanaopanda gari mpaka Lamadi, na kutoka hapo Mwanza, na si wote wanaojua wanakwenda kufanya nini. Wengine wanajua vizuri tu. Aliyeandika karatasi hii amewafikiria wote wawili, na ndiyo maana ameuliza maswali mawili. La kwanza lina jibu kwenye vitabu vya sheria. La pili ndo gumu.

Kwanza tuelewane maneno

Kuna majina mengi ya mwanamke anayefanya ngono kwa malipo, na karibu yote ni matusi. Malaya, kahaba, changudoa. Hilo la mwisho ni jina la samaki, ila tangu miaka ya tisini limeganda kwa wanawake. Siku hizi wanaitwa dada poa. Angalia kwamba mwanamume anayetoa hela hana jina baya. Anaitwa mteja, kama mtu aliyekwenda kununua sukari. Katika somo hili nitasema "biashara ya ngono" na "anayeuza ngono", si kwa sababu napenda jambo lenyewe, ila kwa sababu mtu ukishamtukana hakuelezi ukweli wa maisha yake, na sisi watu wa afya bila huo ukweli hatuna kazi.

Halafu kuna neno "kutumikishwa". Kufanya kazi ngumu si kutumikishwa. Kulima pamba juani ni kazi ngumu. Kutumikishwa ni pale mtu mwingine anapokula jasho lako huku amekufungia njia ya kutoka.

Sheria ya Tanzania Bara inasema nini

Wengi wanadhani kuna kifungu kimoja kinachosema "ukahaba ni kosa" na basi. Haiko hivyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, iliyoanza kutumika mwaka 1945 wakati wa Waingereza, inalizunguka jambo hili kutoka pembeni. Kifungu cha 176 kinamtaja kahaba anayezurura au kuita wateja mahali pa hadhara, na kinamweka kwenye kundi la watu wazembe na wavurugaji, pamoja na ombaomba. Adhabu yake ni faini au kifungo kifupi cha miezi. Chanzo cha vifungu vya namna hii ni sheria ya uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824, iliyotungwa kuwafukuza maskini barabarani kule kwao. Meli zilileta kahawa kwao, zikaleta uzururaji kwetu.

Vifungu vizito vinawahusu wengine. Mwanamume anayeishi kwa hela ya mwanamke anayeuza ngono ana kosa. Mwanamke anayewasimamia wenzake kwa faida yake ana kosa. Mwenye nyumba anayeifanya danguro ana kosa. Na mwaka 1998 ilikuja Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ile inayojulikana kama SOSPA, ambayo TAMWA na wanawake wengine waliipigania sana. Hiyo ilisema kwamba anayemtafuta mtu na kumwingiza kwenye ukahaba, ndani au nje ya nchi, ana kosa hata kama mtu huyo alikubali.

Soma tena hayo maneno ya mwisho. Hata kama alikubali. Dalali hawezi kusimama mbele ya hakimu akasema, "Mbona mwenyewe alipanda gari kwa miguu yake."

Kwa aliye chini ya miaka 18 habari ni fupi zaidi. SOSPA inasema kufanya mapenzi na msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka, awe ameridhia au hakuridhia, na adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Hela haibadilishi kitu. Anayempa binti wa miaka 16 chipsi na shilingi elfu kumi hajanunua huduma, amebaka. (Sheria hiyo iliacha mlango mmoja wazi kwa mke wa miaka 15 na kuendelea, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa katika umri huo. Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani kuupinga mlango huo, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye Oktoba 2019. Ndoa za utotoni tutazifanyia somo lake.)

Kisha ikaja Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, Namba 6 ya mwaka 2008. Hii ndiyo inayojibu swali la pili la karatasi yetu, kwa hiyo tutairudia chini kwa kirefu.

Zanzibar wana sheria zao, usizichanganye na hizi.

Kwa nini hukamatwa wanawake tu?

Swali hili aliuliza kijana wa kiume palepale, na nilimpenda kwa kuuliza. Vifungu vizito vinamlenga dalali na mwenye danguro, lakini kwenye misako wanaopakiwa kwenye karandinga ni wanawake waliosimama barabarani. Mwaka 1983 serikali ilitunga sheria ya Nguvu Kazi ya kuwaondoa mijini watu wasio na kazi, na Dar es Salaam wanawake wasioweza kuonyesha kazi wala cheti cha ndoa walibebwa kama makahaba. Juni 2024 kulikuwa na msako mwingine uliozungumzwa sana, wilaya ya Ubungo, wanawake wakapelekwa mahakamani. Miaka 41 imepita kati ya hayo mawili na mtindo ni uleule.

Hapa karibu na sisi, Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni ya ushauri tarehe 4 Desemba 2020. Ilisema sheria za uzururaji zinazomkamata mtu kwa vile alivyo, badala ya kitendo alichofanya, haziendani na Mkataba wa Afrika, na ikazitaka nchi zizipitie upya. Maoni ya ushauri si hukumu ya kumfunga mtu mkono, lakini ni uzito mkubwa kwa anayetaka sheria hizi zibadilike.

Haikuanza jana

Vijana wengi wanadhani biashara hii imeletwa na video na simu. Nairobi ya miaka ya ishirini na thelathini ilikuwa nayo, na mwanahistoria Luise White aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1990 baada ya kuongea na vikongwe waliokuwepo. Maneno yenyewe yalikuwa Kiswahili. Wapo walioitwa malaya, waliokaa chumbani mwao Pangani au Pumwani, mwanamume anapewa chai, chakula, maji ya kuoga, analala, anaondoka asubuhi amelipa. Wapo watembezi, waliozunguka mitaani. Halafu katikati ya miaka ya thelathini wakaja wazi-wazi, waliokaa nje ya milango yao na kutaja bei kwa sauti bila haya.

Wengi wa hao wazi-wazi walitoka huku kwetu Tanganyika, upande wa Bukoba. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka. Wapo waliokimbia ndoa wasizozitaka na waliotakiwa kurudisha mahari. Waliweka akiba, wakarudi nyumbani wakanunua mashamba yao wenyewe, kitu ambacho mwanamke wa wakati ule hakukipata kwa njia nyingine. Hadi leo kuna watani wanaowarushia Wahaya maneno kwa ajili ya historia hiyo, na utani huo siupendi, maana unasahau bei ya kahawa na unakumbuka wanawake.

Kwa nini nawaletea haya? Kwa sababu yanatuzuia kukimbilia jibu rahisi. Wale malaya wa Pumwani walikuwa na nyumba zao, funguo zao na hela zao. Huwezi kusema kwa urahisi kwamba walikuwa watumwa. Lakini pia huwezi kusema walichagua kama mtu anavyochagua kitenge dukani, wakati nyuma yao kulikuwa na deni la baba na ndoa ya kipigo.

Chagulaga

Sasa tuje Usukumani. Kila aliyesoma hapa analijua neno chagulaga. Maana yake ni "chagua". Msichana ametoka gulioni au kwenye ngoma, vijana wa kiume wanamzunguka, wanamfuata, wanamwambia achague mmoja wao. Wapo wazee watakaokwambia kwamba zamani hiyo ilikuwa njia ya uchumba yenye taratibu zake. Watetezi wa haki za wanawake wanaikataa kabisa. Mimi nawaomba mtazame kitu kimoja tu: msichana aliyezungukwa anaruhusiwa kuchagua nani. Haruhusiwi kuchagua hapana.

Wavulana wa darasa la Migato walibisha sana nilipofika hapo. "Lakini si amechagua mwenyewe?" Ndiyo, midomo yake imetaja jina. Msichana mmoja nyuma akasema polepole, "Ungekuwa wewe ungesema nini?" Kukawa kimya.

Ukishaielewa chagulaga umeshaielewa nusu ya sheria ya mwaka 2008. Sheria hiyo, pamoja na itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 iliyoizaa, haiulizi tu "Je, alisema ndiyo?" Inauliza ndiyo hiyo ilipatikanaje. Inatazama vitu vitatu kwa pamoja. Mtu alifanywa nini: alitafutwa, akasafirishwa, akafichwa au akapokelewa. Kwa njia gani: vitisho, nguvu, uongo, kutumia cheo, kutumia shida ya mtu, au kumlipa aliye na mamlaka juu yake, kwa mfano mjomba. Kwa lengo gani: kumnyonya, iwe kwa ngono au kwa kazi. Vikikutana vitatu hivyo, ule ukubali wa mwanzo hauna thamani tena. Na akiwa ni mtoto chini ya miaka 18, hata njia haiulizwi. Ametafutwa na kupelekwa anyonywe, basi, kosa limetimia.

Wengi wanasikia neno "usafirishaji" wakafikiria meli na pasipoti. Si lazima kuvuka mpaka. Kutoka Migato kwenda Mwanza mjini kunatosha. Na ripoti za miaka mingi zinaonyesha kuwa Tanzania sehemu kubwa ya jambo hili hutokea humuhumu ndani, wasichana wakitolewa vijijini kwenda kufanya kazi za nyumbani mijini, na mara nyingi wanaowapeleka ni ndugu, marafiki au madalali wanaofahamika. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa na kuondoa ule mwanya wa mkosaji kulipa faini na kwenda zake bila kifungo.

Hesabu ya deni

Nataka tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo mpaka unapovukwa kimyakimya. Mara nyingi hakuna kamba wala kufuli. Kuna daftari.

Tuseme wewe una miaka 19. Ni Februari, akiba ya mahindi imekwisha, pamba bado iko shambani na soko lake ni mpaka Mei au zaidi. Anakuja mama mmoja amevaa vizuri, anamsalimia mama yako kwa heshima, anakaa chini kabisa kwenye mkeka. "Mayu, mimi nina hoteli Mwanza, nahitaji binti mwaminifu." Anakulipia nauli na chakula, tuseme shilingi 30,000. Mkifika anakununulia nguo na viatu vya kazi, 70,000. Hapo unadaiwa 100,000 na hujafanya kazi hata siku moja. Hoteli imegeuka kuwa baa yenye vyumba nyuma. Chumba unachokaa ni 5,000 kwa siku, chakula 3,000. Ukipata 10,000 kwa siku, zinazobaki kupunguza deni ni 2,000. Siku 50 bila kupumzika ndipo utakuwa huru. Ukiugua malaria siku moja huingizi kitu, na 8,000 zinaongezwa kwenye daftari: siku nne za kazi zimeliwa. Polisi wakipita na mama akakulipia 50,000 utoke, hizo ni siku 25. Halafu anakwambia kwa upole, "Mwanangu, wale wateja wa vyumba vya nyuma wanalipa vizuri, deni lingekwisha mapema."

Hakuna aliyekupiga. Ulipanda gari mwenyewe, na huko nyuma ulisema ndiyo mwenyewe pia. Je, umechagua? Mimi nasema uliyezungukwa na daftari ni sawa na aliyezungukwa gulioni. Na huyo mama amefanya makosa mawili au matatu ambayo tumeyasoma juu.

Lakini yupo dada mwingine hapo jirani, ana miaka 30, amepanga chumba chake, hana bosi, hela anaweka mwenyewe kwenye simu, anasomesha watoto wawili, na akisema leo sitoki hakuna wa kumuuliza. Ukimwambia yeye ni mtumwa atakushangaa. Mimi sitamwita hivyo. Naweza kutamani angekuwa na njia nyingine, naweza kuhofia afya yake, lakini kumwokoa kwa kumtupa rumande sioni inamsaidia nini. Tatizo ni kwamba msako hauwatofautishi wawili hawa. Unawabeba wote, na mama mwenye daftari anabaki anahesabu.

Kwa hiyo ukitaka kujua upande gani wa mpaka mtu yupo, muulize mambo ya kawaida tu. Unaweza kukataa mteja? Unaweza kukataa asiyevaa kondomu? Kitambulisho chako kiko wapi? Hela anashika nani? Ukitaka kurudi Migato kesho asubuhi, nani atakuzuia, au ni deni gani litakuzuia?

Kazi za ndani na safari za mbali

Usidhani ni ngono tu. Wengi wanaotoka huku wanakwenda kuwa hausigeli, na wapo waliotumikishwa jikoni kuliko baa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Mshahara pia una kiwango. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza Januari 2023, ilitaja shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida. Viwango hupitiwa upya, kwa hiyo ulizia cha sasa ofisi ya kazi. Pale Mwanza kuna shirika la WoteSawa, lililoanzishwa na Angela Benedicto, ambaye mwenyewe aliwahi kufanya kazi za ndani. Wanawatetea wafanyakazi wa nyumbani vijana na kuwapokea waliotumikishwa. Na wavulana nao wasijione wako salama: mtoto anayepelekwa kwenye uvuvi au machimboni kwa ahadi ya uongo analindwa na sheria hiyohiyo ya 2008.

Oman na nchi jirani zake ni hadithi ndefu, nitaigusa tu. Huko kuna utaratibu wa kafala: kibali chako cha kukaa nchini kimefungwa kwa mwajiri wako, ukimwacha bila ruhusa wewe ndiye mkosaji. Novemba 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti juu ya Watanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu, na humo kuna pasipoti zilizochukuliwa, mishahara isiyolipwa, vipigo na kunajisiwa. Wapo pia waliokwenda wakarudi wamejenga. Tofauti mara nyingi ilianzia kwa wakala: mwenye leseni na mkataba uliosomwa kabla ya safari, au mtu wa simu tu.

Wenzetu wamefanyaje?

Uganda wao wameandika moja kwa moja kwamba kufanya ukahaba ni kosa, kifungo hadi miaka 7. Senegal tangu mwaka 1969 wanaruhusu kwa masharti: mwanamke awe na miaka 21 au zaidi, ajiandikishe, apimwe afya mara kwa mara. Wengi hawajiandikishi kwa kuogopa kujulikana. Sweden mwaka 1999 waligeuza kibao, anayenunua ndiye mkosaji, anayeuza hakamatwi. New Zealand mwaka 2003 waliiondoa kabisa kwenye makosa na kuifanya kazi yenye haki kazini, lakini wakaandika kifungu kinachowanyima haki hiyo wageni wenye viza za muda. Matokeo yake mhamiaji anayenyanyaswa anaogopa kushtaki asije akarudishwa kwao. Hata sheria iliyo laini, mgeni anabaki mlangoni. Hilo linatuhusu, maana msichana wa Migato akiwa Mwanza naye ni mgeni: hana ndugu wa kumkimbilia, hamjui hata mwenyekiti wa mtaa.

Mimi nikiulizwa ipi ni bora, najibu kama mtu wa afya. Mwaka 2014 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha makadirio kuwa kuacha kuwashtaki wanaouza ngono kungeweza kuzuia kati ya asilimia 33 na 46 ya maambukizi mapya ya VVU kwa wao na wateja wao ndani ya miaka 10. Sababu si uchawi. Anayejificha polisi anakwenda kichochoroni, anaharakisha, habishani na mteja kuhusu kondomu, na akipigwa hasemi. Najua viongozi wa dini wa Migato hawatakubaliana nami, tumeshaongea na tumekunywa chai pamoja. Juu ya dalali na juu ya mtoto hatupingani hata kidogo.

Afya yako, popote ulipo

Haya hayategemei unafanya nini wala nani anakuhukumu. Kupima VVU: sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilirekebishwa mwaka 2019, na sasa kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila kuomba ruhusa ya mzazi. Kondomu zinagawiwa bure kwenye vituo vya serikali. Kutokwa uchafu, vidonda au maumivu ukikojoa kunaweza kuwa kisonono, klamidia au kaswende. Vyote vinatibika, dawa ya kuazima kwa shoga yako haitibu.

Ukibakwa, au kondomu ikipasuka na humjui vizuri uliye naye, kimbia kituo cha afya ndani ya saa 72. Kuna dawa kinga za kuzuia VVU, unameza siku 28, na zikichelewa kuanza hazisaidii. Mapema zaidi ndo vizuri zaidi. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika ndani ya siku 5. Kama umebakwa usioge kwanza, usifue nguo. Fomu ya polisi, ile PF3, inahitajika kwa ajili ya kesi, lakini usikae nyumbani ukiuguza jeraha eti kwa sababu huna fomu. Polisi uliza Dawati la Jinsia na Watoto, huko kuna maofisa waliofundishwa kusikiliza kesi za namna hii. Simu ya mtoto ni 116, bure, mitandao yote.

Na wewe unayefikiria kuondoka, sitakwambia usiondoke. Watu wa huku wamehama tangu enzi na enzi kutafuta malisho na mashamba. Ila kabla hujapanda gari, mwachie mtu unayemwamini jina la huyo anayekuchukua, namba yake, mahali unapokwenda, na hata picha yake mkiwa stendi. Dalali wa kweli hakatai kupigwa picha. Kitambulisho ni chako, ashike nakala kama anataka. Nauli ya kurudi ifiche mahali ambapo hakuna anayejua, hata kama ni kuuza kuku mmoja kwanza. Kubalianeni na dada yako neno moja la kawaida, kwa mfano "ng'ombe mweusi amezaa?", ambalo ukilisema kwenye simu maana yake ni nitafuteni haraka.

Kwa ajili ya vikundi

Jadilini haya, na msiharakishe kukubaliana.

Dada wa miaka 20 anahudumu baa Lamadi. Hapigwi, hadaiwi, ila mwenye baa amekaa na kitambulisho chake "asitoroke na mauzo". Je, sheria ya 2008 inamhusu? Mngehitaji kujua nini zaidi?

Mjomba amepokea mbuzi wawili kwa mama wa Mwanza, na binti wa miaka 16 amesema yuko radhi kwenda. Katika watu hao watatu, nani amekosa?

Mvulana anampa mpenzi wake wa miaka 17 hela ya daftari na sare, halafu anadai "haki yake". Wanaosema hii haihusiani na somo la leo wakae upande mmoja, wengine upande mwingine, mbishane.

Toleo lijalo tunafungua karatasi nyingine ya sanduku lile lile: "Dada, baba akishapokea ng'ombe, je, naweza kusema hapana?"